Mto Ambao Atupele Hakuuvuka

Jumapili, 9 Novemba 2025

Binti yangu Atupele amemaliza mitihani ya kidato cha sita juzi Ijumaa. Anataka chuo cha maigizo ya muziki. Kuimba, kucheza na kuigiza, vyote kwa pamoja, miaka mitatu. Waombaji mia nne, nafasi ishirini. Kwanza fomu na barua ya kujieleza, halafu usaili mbele ya majaji. Mwisho wa kutuma fomu ni kesho.

Nimeisoma barua yake. Ameandika kwamba anapenda kuimba tangu utotoni, kwamba baba yake, yaani mimi, ni fundi friji Granville, hapa Sydney, na humpeleka mazoezini kwa gari la kazini, na kwamba nyumbani kwao wanacheka sana. Basi. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyeugua.

Baada ya ibada pale Blacktown, Wilkister akanijia. Ni nesi, Mkenya, na binti yake Apondi anaomba chuo hichohicho. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba barua ya Apondi imewaliza walimu wawili. Nikamwambia ya Atupele imemliza mwalimu mkuu. Kisha nikaenda kukaa garini, nikafikiri.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeandika barua mpya saa ya chakula cha mchana, nikiwa nimekaa nyuma ya bucha moja nilikoitwa kutengeneza friji. Kalamu imeteleza yenyewe. Atupele, miaka mitatu, mgongoni kwa mama yake, wanavuka mto uliofurika. Mamba wawili wanawasogelea. Mtoto anaanza kuimba. Mamba wanatulia. Nilipofika hapo nililia mwenyewe, mwenye bucha akaniuliza kama nimefiwa.

Ukweli ni kwamba Atupele alizaliwa hospitali, Mbeya mjini, akaja Sydney kwa ndege, kiti cha dirishani, akalala njia nzima. Lakini nani atampa nafasi mtu aliyelala?

Jioni alikuwa mazoezini. Akanipigia, akaniomba nimtumie fomu, maana kompyuta iko nyumbani. Nikatuma. Fomu yake, barua yangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Ameitwa kwenye usaili! Jumatano. Nikamtumia Wilkister ujumbe wa kumpa pole mapema. Akajibu kwamba wameitwa wote waliojaza fomu, Apondi naye. Yule mama hajui kumwachia mtu raha yake.

Wakati wa kula nikaanza kumwandaa Atupele kijanja. Nikamuuliza kama anakumbuka mto wowote. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anakumbuka bwawa la kuogelea la hapa Blacktown. Nikamuuliza kama amewahi kupatwa na jambo la kutisha majini. Akasema aliwahi kukanyaga plasta ya kidonda cha mtu. Mke wangu Elieshi akaacha kula, akanitazama kwa muda mrefu. Nikaongeza wali.

Jumatano, 19 Novemba

Korido ya chuo ilijaa wazazi. Watoto wanapasha sauti, wazazi ndio wanaotetemeka. Baba mmoja alikuwa akinyoosha viungo kana kwamba ataitwa yeye. Wilkister alikuja na chupa ya chai na nguo tatu za akiba za Apondi. Akanimiminia chai. Ilikuwa nzuri, kwa bahati mbaya.

Atupele akaingia. Nikatega sikio mlangoni. Akaimba. Sauti ile ilinisahaulisha hata shida nilizomtungia. Wimbo ukaisha. Wakazungumza kwa sauti ya chini, sikushika neno. Kisha nikasikia watu wanacheka, tena kwa nguvu. Nikajua tumekwisha, nikauacha mlango. Habari za mamba hazichekeshi.

Akatoka, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Tulipofika Parramatta nikamuuliza kama ana njaa. Akageukia dirishani. Nilipozima gari nyumbani ndipo aliposema, kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote Kiswahili hukisikia tu:

"Baba, kwani maisha yetu yana kasoro gani?"

Akashuka, akaingia ndani. Nilibaki garini mpaka Elieshi akaja kuniita.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku mbili sijasemeshwa. Elieshi amesoma barua yangu na kusema kwamba nisimtegemee anitetee, maana hata yeye nilimtosa mtoni bila kumuuliza.

Leo asubuhi nimemwomba Atupele radhi. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa. Nilidhani majaji wamezoea watu wenye mambo makubwa, na sisi hatuna cha kuwaonyesha zaidi ya gari la kazini. Akanisikiliza hadi mwisho. Akanikatia nusu ya mkate wake, ndipo akanisimulia.

Jaji mmoja, mama wa miwani, alimuuliza kuhusu mto. Akasema hajui mto wowote. Wakamsomea barua yote. Akawaambia imeandikwa na baba yake. Wakamuuliza ni baba wa namna gani huyo. Badala ya kueleza, akaniigiza. Ninavyosimama mbele ya friji bovu na kuliuliza linaumwa wapi. Ninavyovuta pumzi kabla ya kumjibu Wilkister. Ninavyoongeza wali nikibanwa. Kicheko kilikuwa hicho. Kisha wakamwomba wimbo wa pili.

Nikamwomba aniigize na mimi nione. Akaniigiza palepale jikoni, mwiko mkononi. Elieshi alicheka mpaka akashikilia meza. Mimi nami nilicheka, ingawa siamini kwamba natembea vile.

Jumanne, 2 Desemba

Amepata! Na Apondi amepata. Wilkister alikuja na chapati, tukakumbatiana mlangoni kama watu walionusurika ajali. Baada ya chapati ya tatu akakiri kwamba mmoja wa wale walimu wawili alikuwa na mafua. Nikakiri kwamba mwalimu mkuu hakuwahi kuiona barua yoyote. Wasichana walikuwa sebuleni wakiimba kwa sauti mbili, na sisi tukawasikiliza.

Chuo kimeandika kwamba kimependa ukweli wa Atupele na jicho lake la kuwaona watu. Nimelitafakari hilo mchana kutwa. Bila uongo wangu, huo ukweli angeusemea wapi? Sijamwambia mtu. Naandika hapa tu.

Jumatano, 3 Desemba

Elieshi anaomba cheo cha msimamizi wa shifti katika nyumba ya wazee anakofanya kazi. Ameandika barua ya ukurasa mmoja. Safi, imenyooka, haina hata chozi. Amesema ataituma mwenyewe akirudi, na amenikataza kuigusa. Kisha akaenda kazini, akaacha kompyuta wazi mezani.

Nimeigusa kidogo tu. Sasa Elieshi ni yatima aliyelelewa na bibi kipofu, na huko ndiko alikojifunza kutunza wazee. Inagusa moyo.

Mama yake anakuja kututembelea Januari. Nitamwomba ajitambulishe kama shangazi.