Malalamiko Kuhusu Mwenendo wa Ini Langu

Rubeni Silwimba,
Wakala wa Forodha,
Tunduma.
3 Agosti, 2009

Kwa Mganga wetu, Dk. Ambilikile,

YAH: KUPINGA MAELEZO ULIYOYATOA MBELE YA MKE WANGU

Salamu nyingi. Kichwa cha habari kinajieleza, lakini nitafafanua, maana siku ile ulipokuwa ukinieleza hukunipa nafasi hata ya kukohoa.

1. Ulisema pombe ikifika kwenye ini hugeuzwa kwanza kuwa sumu kali kuliko pombe yenyewe, ndipo igeuzwe tena kuwa kitu kisicho na madhara. Daktari, nimetoa mizigo mpakani hapa miaka kumi na saba. Sijaona mzigo ulioingia ghalani sukari ukatoka saruji, halafu akalaumiwa mwenye mzigo. Mimi niliingiza bia. Anayetengeneza sumu ni ini, basi liulizwe lenyewe.

2. Ulisema katika kazi hiyo huzaliwa chembe zilizopungukiwa, zinazopita zikiwanyang'anya wenzao, na aliyenyang'anywa naye humgeukia jirani, mpaka ini zima linaharibika. Ukasema mwili una walinzi wa kuzituliza, ila wangu wamezidiwa kwa sababu nawapa kazi kila siku bila mapumziko. Mlinzi aliyechoka na aache kazi, wapo wengi wanaoitafuta.

3. Ini langu halijawahi kunilalamikia. Hata siku niliyochanganya bia na kachasu, ile gongo ya Nakonde ambayo Wazambia wenyewe huinywa wakiwa wameshakaa chini, lilipokea likanyamaza. Wewe ukasema ndivyo lilivyo, hunyamaza mpaka limejaa makovu. Kwa hiyo likilalamika ni bovu, na likinyamaza ni bovu. Hiyo si haki.

4. Mzee Isaka wa Chapwa ana miaka themanini na moja, na pombe ya kienyeji ya kimpumu alianza kuinywa enzi za mkoloni. Nilipokutajia habari zake, ukaniuliza wale waliokuwa wakinywa naye chungu kimoja wako wapi. Swali hilo lilikuwa la kuudhi.

5. Hili ndilo kubwa. Ulisema, Loisi akisikia, "Baba Atuganile, ukiendelea hivi Krismasi hutaiona." Tangu siku hiyo mke wangu hagombani nami. Zamani nikirudi nimelewa nilisemwa kama mwanamume mwenye nyumba yake. Sasa ananivua viatu, ananifunika blanketi, kisha anakwenda kulia jikoni. Nyumba imekuwa ya msiba na marehemu bado anakula. Inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba ufute maneno yako kwenye kadi yangu. Pili, uandike kwamba pombe kwangu ni mzigo wa kupita tu, unaoishia chooni, na hakuna unachoacha njiani. Tatu, umwambie Loisi kwamba ulichanganya majina ya wagonjwa.

Nisalimie wauguzi wote, hasa Sista Ferista, aliyenitoa damu bila kunihubiria. Wasalimie pia wa maabara, ingawa sikubaliani nao.

Ni mimi, mwenye afya tele,

R. Silwimba

N.B. Usihangaike kujibu kwa posta. Barua nimeileta mwenyewe, niko hapo nje kwenye benchi, Loisi amenishika. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji na asubuhi nimetapika damu. Naogopa, Daktari. Yale ya kuacha pombe nieleze tena taratibu, nasikiliza.