Rangi Nyeupe Ndani ya Pipa

Jumatano, 9 Januari 2008
Mifereji imekauka tangu vurugu za kura zianze. Wapangaji wa ploti nzima wanateka maji bwawani, na bwawa ni kijani kama sukuma wiki iliyopondwa. Mbuzi wa Osewe, mwenyekiti wetu, alikunywa akafa. Binamu yangu Yvonne, anayesomea kemia chuo kikuu, amekwama kwangu kwa sababu barabara zimefungwa. Anasema ule ukijani ni mwani, na sumu yake haiondoki hata maji yakichemshwa. Wataalamu wanaiondoa kwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko vumbi, za madini ya titani. Jua likizipiga, zinaivunja sumu. Madini hayohayo, akaongeza, ndiyo huipa rangi ya ukuta weupe. Akaendelea kueleza jambo kuhusu ukubwa wa chembe. Sikusikiliza. Nilishakumbuka mkebe wa rangi ulio chini ya kitanda changu.

Alhamisi, 10 Januari
Nimemwomba Osewe aniteue msimamizi wa maji. Hataki. Eti yupo Adero, jirani yangu muuza dagaa wa omena, ambaye huwachemshia watu maji. Nikawaeleza wote wawili kwamba kuchemsha ni kazi bure. Adero akauliza nimesomea wapi. Mimi ni fundi wa magodoro, na swali hilo ni dharau tupu. Najua ni kabila. Tangu kiongozi wetu ajiunge na serikali juzi, sisi Wakamba tunatazamwa kwa jicho la pembeni.

Ijumaa, 11 Januari
Rangi ndani ya pipa, pipa juani. Maji yakawa meupe kama maziwa. Ukijani hauonekani kabisa! Nikaita ploti. Osewe akasema nianze mwenyewe. Nikanywa kikombe kizima huku nikitabasamu. Yvonne, aliyekuwa ametoka kuchaji simu, alirudi akanikuta na midomo myeupe, akashika kichwa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawa hawana shukrani.

Jumamosi, 12 Januari
Tumbo. Sitaandika mengi.
Adero akaamua kunipeleka kliniki kule mtaa wa Olympic. Njiani, mtaa wa Kisumu Ndogo, tukakuta vijana wenye mawe wamefunga njia. Mmoja akaniuliza, "Niaje mzee, unaitwa nani?" Nikasema Nyamai. Wakatazamana. Adero akasimama mbele yangu.
"Mwacheni apite," akasema. "Tumbo linamwendesha, na hawezi kujizuia."
Njia ikafunguka papo hapo. Wengine walicheka mpaka wakaangusha mawe. Kweli Adero alinishika mkono hadi kliniki, lakini aibu ile nani atanilipa?

Jumatatu, 14 Januari
Nimerudi. Osewe amemwaga pipa langu bila kuniuliza. Msikiti mmoja wa mtaa wa Makina umewafungulia watu wote bomba la kisima chake, na foleni ya ploti yetu inapangwa na nani? Adero. Alipoleta uji nikamwambia wazi: wananichukia kwa sababu mimi ni Mkamba.
"Si kabila, Nyamai," akasema, akinipa kijiko. "Ni rangi."
Uji niliumaliza kwa hasira.
Yvonne naye amenikalisha chini. Chembe za rangi ni kubwa mno, anasema, na zimechanganywa na kemikali za kuua mtu, nisirudie kamwe. Nimekubali. Rangi si ya kunywa. Lakini amejiponza mwenyewe kwa kusema kwamba titani imo pia kwenye dawa ya meno. Dawa ya meno watu huitia mdomoni kila asubuhi, na sijasikia matanga. Nimeshakamua tyubu mbili pipani. Ya pili ni ya Adero. Atanishukuru.