Kumsaka Beki wa Kulia

Jumatatu, 10 Juni

Kikao cha bodi. Kahawa, mikate ya iliki, na kitoweo nikiwa mimi. Mwenyekiti Orvokki Saarelma, mwenye kiwanda cha soseji na mwenye klabu, alisema msimu uliopita ulimtia aibu mpaka mbele ya nguruwe wake. Timu yetu ya hoki ya barafu, Kuikka ya Lammaskoski, ina mabeki sita, na wote sita wanashika gongo kushoto. Kisahani kikija upande wa kulia, beki wetu anaanza kujizungusha apate kukipiga vizuri. Akimaliza kuzunguka anakuta wapinzani wanakumbatiana.

Agizo: nimpate beki wa kulia. Mmoja tu. Barafu ya uwanja inagandishwa tarehe 1 Agosti, na siku hiyo awe juu yake. La sivyo, mkataba wangu wa umeneja wa usajili hauongezwi na ninarudi dukani kuuza skafu. Niliuza skafu miaka kumi na tisa. Sirudi ng'o.

Nilimwambia atulie, mpango ninao. Akauliza mpango gani. Nikasema mipango mizuri haisemwi vikaoni. Alinitazama, akajiongezea kahawa.

Mpango sina. Lakini ndiyo kwanza Juni.

Jumatano, 12 Juni

Mpango upo! Kabla sijamsaka beki, lazima nimwondoe Veikko njiani.

Veikko Hyttinen ni meneja wa usajili wa Vuohisalmi, ng'ambo ya ziwa, wapinzani wetu tangu babu zetu wakiteleza barafuni kwa viatu vya mifupa. Pia ni kaka wa mke wangu Sirkka. Nina mashemeji watatu. Wawili ni wazuri.

Mpango wenyewe: nimeandika orodha ya uongo. Juu nimeandika SIRI, nikapigia mstari mara mbili. Chini yake: "Kuikka lazima impate kipa Torbjörn Äng, Mswidi, kwa vyovyote vile." Huyo Äng simtaki hata bure. Siku ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, familia yote tutakuwa kwenye nyumba ya ziwani. Nitaisahau orodha kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Veikko ataisoma, ataacha kila kitu amkimbilie Mswidi, na mabeki wa kulia wa nchi nzima watabaki wangu.

Sirkka aliuliza kwa nini nacheka peke yangu jikoni. Nikasema nimekumbuka kitu. Akasema nikumbuke na kurekebisha bomba.

Jumatatu, 17 Juni

Siku kubwa. Sijui nianzie wapi.

Kwenye barua pepe ya klabu, katikati ya malalamiko ya skafu, imeingia video. Kijana anaitwa Joonatan Ylikangas, miaka ishirini na mitatu, beki, daraja la tatu huko Sarvivaara kaskazini. Anaomba kazi. Amesimama mbele ya banda la gari la kwao, fulana namba 88, anapiga visahani kwenye neti. Anapigia KULIA. Mkono wa kulia uko chini kabisa kwenye gongo. Nimeitazama mara kumi na nne. Kulia mara zote kumi na nne.

Nimefanya uchunguzi, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Kwenye daftari la ligi ameandikwa kushoto. Hapo nikaelewa kwa nini hakuna aliyemwona! Karani mmoja kakosea herufi, na nchi nzima imepitwa na dhahabu. Kuna mambo madogo mengine kwenye video. Gari la jirani lina usukani upande wa kulia, na nchi hii magari yote ni usukani kushoto; bila shaka walilitoa Uingereza. Na kibao kilicho juu ya banda kimeandikwa kwa lugha ambayo sikuielewa. Watu wa kaskazini wana mambo yao.

Nilifikiri kumpigia kocha wake wa zamani. Nikaacha, kwa sababu yeye huvua samaki na Veikko. Nikafikiri kumwonyesha kocha wetu, Ensio Pöyry. Nikaacha pia. Ensio ukimwambia siri asubuhi, mchana unaisikia kwa kinyozi.

Najua mimi peke yangu. Raha iliyoje.

Jumamosi, 22 Juni. Juhannus

Viazi vipya, samaki wa chumvi, mbu. Ziwa limetulia. Nimeisahau orodha kwenye chumba cha kuvulia nguo saa tisa kamili, kwa ustadi, juu ya taulo la Veikko.

Kisha sauna, mimi na yeye. Alimwaga maji juu ya mawe ya moto mpaka mvuke ukaniunguza masikio. Ndivyo anavyoanza mazungumzo. Kisha akasema, "Shemeji, nasikia unahangaika na beki wa kulia. Mimi ninaye mmoja wa ziada, Kettunen. Mchukue tu. Ni kijana mzuri, anaoza benchi kwangu."

Nusura nianguke kutoka benchi la juu tulilokalia. Ujanja gani huu? Hakuna anayegawa beki wa kulia. Watu huwaficha. Ni wazi Kettunen ana goti bovu, au ana tabia, au ni jasusi.

Nilimjibu kwa utulivu mkubwa kwamba ahsante, tumejitosheleza. Akauliza tumejitosheleza kivipi. Nikasema hivyo tu, shemeji, kujitosheleza. Akajichapa mgongo kwa majani ya mbetula, kama ilivyo desturi ya sauna, akasema haya, kama nimejitosheleza basi. Nilimwonea huruma kidogo. Mtego wake wote, patupu.

Tulipotoka, orodha ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa chini ya kiatu changu. Ameisoma!

Jumapili, 23 Juni

Joonatan amenipigia simu wakati mbaya kuliko wote. Nilikuwa nje ya nyumba ya ziwani, na Veikko yuko hatua mbili, anageuza soseji.

Hapa ndipo utaona tofauti ya meneja wa kawaida na mimi. Nilitaka kuhakikisha jambo moja tu, kwamba anapigia kulia. Lakini ningelisema wazi, Veikko angeinua masikio. Kwa bahati nzuri, katika Kifini chetu neno ni moja, oikea: ni kulia, na pia ni sahihi, yule hasa. Nikalitumia hilo. Nikamwuliza, sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe ndiye oikea?" Mtu anayesikiliza kwa pembeni atadhani nauliza kama nimempata mtu niliyemtaka.

Joonatan akajibu bila kusita: "Ndiyo, mzee. Oikea kabisa. Wengi hunichanganya na binamu yangu."

Kumbe binamu yake ni wa kushoto. Nikamwambia aje Jumatatu, tarehe moja Julai, amwage wino. Akasema mama yake atalia kwa furaha. Nami machozi yalinilengalenga, nikamwambia Veikko ni moshi.

Jumatatu, 1 Julai

Amemwaga wino! Mkataba wa miaka miwili, ofisini, mlango umefungwa kwa ufunguo. Kijana mrefu, mpole, amekuja na keki ya mama yake. Alitia saini kwa mkono wa kulia. Nilimkonyeza. Akanikonyeza pia, kwa adabu.

Aliuliza kama atoke uani aonyeshe namna anavyopiga, gongo analo garini. Nikamwambia gongo libaki garini mpaka tarehe moja Agosti, asionekane na mtu. Akauliza kwa nini. Nikasema yeye ni silaha ya siri. Alifurahi mno. Hakuna aliyewahi kumwita silaha.

Ensio kocha alitaka kujua tumemsajili nani. Nikamwambia atasubiri kama wengine. Akasema yeye ndiye kocha. Nikasema ndiyo maana.

Mwenyekiti nilimpelekea ujumbe wa maneno matatu: "Wa kulia kapatikana." Akajibu kwamba amefurahi na ananiandalia mkataba mpya, utiwe saini palepale uwanjani. Skafu, kwaherini.

Ijumaa, 5 Julai

Gazeti la leo: kipa Torbjörn Äng ameacha kucheza. Nyonga imekufa. Anafungua duka la mikate huko kwao.

Nikangoja nisikie Veikko analia, maana lazima alikuwa ameshamsajili. Badala yake akanipigia kunishukuru! Anasema alikuwa na mkataba wa Mswidi tayari mezani, kalamu mkononi, wiki ile ya Juhannus. Kisha akaona karatasi yangu kwenye sauna. Akajiambia kama mimi, Tauno, ninamtaka mtu huyu kwa vyovyote vile, basi kuna kitu. Akauchana mkataba. Sasa ana kipa mwingine, mzima.

Sikuelewa hata kidogo. Nikamwambia karibu. Sirkka alipopata habari alicheka mpaka akajipaliza kahawa.

Hata hivyo, beki wa kulia ninaye mimi.

Alhamisi, 1 Agosti

Nitaandika kwa kifupi.

Barafu safi, nyeupe. Mwenyekiti kwenye jukwaa na mkataba wangu mpya kwenye bahasha. Waandishi wawili wa habari. Veikko naye alikuja, ati kusalimia. Nikashika kipaza sauti. Nikasema maneno machache kuhusu uvumilivu na jicho la meneja. Nikasema mabibi na mabwana, beki wa kulia!

Joonatan akaingia kwa kasi nzuri, akazunguka goli, akainua gongo, akapiga. Neti ikatikisika.

Kushoto.

Nikadhani anatania. Akapiga tena, kushoto. Akapiga kumi. Ensio akaanza kuhesabu mabeki wetu kwa vidole, kwa sauti, mpaka saba. Mwandishi mmoja akauliza kulia kwa nani. Nikashuka barafuni na viatu vyangu vya ngozi, nikaanguka mara mbili, nikamfikia kijana. Nikamwuliza ile video je? Akasema aliweka simu juu ya kisiki, kioo kikimtazama, apate kujiona anavyopiga. Na simu yake ikijirekodi hivyo hugeuza kila kitu, kulia kuwa kushoto. Hata maandishi yalitoka kinyumenyume, kwani sikuona? Nikamwuliza na kwenye simu, siku ile, si alisema yeye ndiye oikea? Akasema, "Ndiyo mzee, ndiye mimi hasa Ylikangas. Binamu yangu anaitwa Joona, anauza matrekta."

Machozi yalikuwa karibu kumtoka. Akauliza kama arudishe mkataba, na mama yake ameshawaambia majirani. Nikasema hapana, mwanangu, wewe umepiga vizuri. Na kweli alipiga vizuri. Ensio mwenyewe alikiri ndiye bora kuliko wale sita. Hilo lilinifariji kwa kama sekunde nne.

Mwenyekiti aliirudisha bahasha kwenye mkoba. Kwetu hapa hiyo ni hotuba ndefu.

Ijumaa, 2 Agosti

Niliitwa ofisini saa tatu. Nilikwenda na sanduku la kuwekea vitu vyangu. Usingizi sikuupata vizuri, nilikuwa naota skafu.

Nikamkuta Veikko amekaa kwenye kiti changu anatafuna mkate wa iliki. Mwenyekiti akasema wamekwisha kuelewana. Kettunen anakuja Kuikka leo mchana. Wa kulia, wamemwona kwa macho, kwenye barafu, na Ensio amempima magoti yote mawili.

Nikauliza Vuohisalmi wanapata nani badala yake. Maana beki wa kulia habadilishwi na keki.

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Wewe."

Nimebadilishwa! Mimi, Tauno Rimpiläinen, miaka hamsini na sita, nimebadilishwa na beki! Nikauliza nani aliomba. Veikko akasema yeye mwenyewe, tena aliniomba kwa jina. Alipewa nafasi ya kuchagua hata mshambuliaji, akasema hapana, nipeni shemeji. Kazi: mshauri wa usajili, ofisi yenye dirisha la ziwa. Mwenyekiti alinipa mkono na kusema hajawahi kufanya usajili uliompa furaha namna hii. Nikaona aibu, sikujua kama ananithamini kiasi hicho.

Beki wa kulia mzima kwa mtu mmoja. Nikitembea mjini nitatembea wima.

Nilipomwambia Sirkka, alikaa chini kwenye ngazi. Aliuliza kama Veikko amesema ni kwa nini. Nikasema hakukuwa na haja ya kusema.

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya kwanza Vuohisalmi. Kahawa yao ni nzuri kuliko yetu, nakiri.

Kazi ni rahisi na ya heshima. Saa mbili asubuhi Veikko anaingia na daftari, anafunga mlango, anaketi. Anataka kujua ingekuwa mimi ningemsajili nani. Leo walikuwa wachezaji watano waliokuwa wakijadiliwa mezani. Nilimpa maoni yangu yote bila kumficha. Nilimsifu sana mshambuliaji mmoja wa Oulunsuo, nikamwambia huyo namwona kwa jicho la ndani. Nimemwona kwenye video moja, fupi lakini imenitosha. Na nikamtahadharisha juu ya mmoja wa pwani ambaye sikupenda anavyotembea.

Aliandika kila neno. Akanishukuru kwa dhati, akaenda chumba cha pili, na kupitia ukutani nikamsikia anampigia simu yule wa pwani na kumwambia aje haraka. Nadhani ni hatua ya kwanza ya kumbana yule wa Oulunsuo. Sijauelewa bado utaratibu wao, lakini nitajifunza.

Alirudi saa nne akauliza kama nina maoni mengine. Ninayo mengi. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kwa makini namna hii.