Ng'ombe wa Mahari Nyuma ya Chozi

Ijumaa, 8 Agosti 2025. Asubuhi ya mawingu, upepo mwepesi kutoka ziwani.

Mzee Obonyo amenipa kazi! Kesho anapeleka mahari ya mwanawe Calvince, huko Katito kwa akina Winny, mchumba wake. Akiipenda video yangu, harusi ya Desemba ni yangu. Asipoipenda, ataipata Gichuki wa Kibuye, anayepiga video za kila kitu kutoka mbali kama askari wa getini. Mzee amesisitiza ng'ombe waonekane. Nimemwambia asijali. Mpango wangu umewazidi ng'ombe.

Jumamosi, 9 Agosti. Jua kali.

Ng'ombe waliingia bomani. Wote wakawatazama. Mimi nikamtazama mama yake Winny. Chozi! Nikajaza fremu kwa jicho lake, nikafungua lenzi mpaka mwisho. Jicho likang'aa, nyuma yake kila kitu kikayeyuka. Gichuki, aliyekuja kula tu, akauliza kama nimempiga yule fahali mwenye nundu. Nikamjibu kwamba hisia hazina nundu.

Jumatatu, 11 Agosti. Manyunyu.

Tumetazama video nyumbani kwa Mzee, Kaloleni. Akauliza, nyathina, yaani mwanangu, haya mawingu ya kahawia ni nini? Nikasema ni ng'ombe. Wangapi? Nikasema hawahesabiki, ila mtu anawahisi. Dada yake, Mama Dorca, akafoka kwamba mahari hailipwi kwa kuhisi. Kumbe akina Winny wanadai ndama mmoja hakufika! Mzee ameniagiza nirudi Katito kesho nimpige picha huyo ndama, pua hadi mkia, iwe ushahidi.

Jumanne, 12 Agosti. Anga safi.

Nilianza kwa utiifu. Ndama katikati ya fremu, kila unywele dhahiri. Picha kavu kama ya kitambulisho! Nikaifuta. Nikalala chini, nikamweka pembeni kabisa, jua nyuma yake, anga tele juu. Upweke ulioje!

Jumatano, 13 Agosti. Joto tangu alfajiri.

Kwenye video, ndama ametoka mweusi tititi. Mama Dorca ameapa ni mbuzi. Akina Winny wamekubaliana naye kwa furaha, na Mzee lazima apeleke ndama mwingine. Harusi amepewa Gichuki. Amenipigia simu kunifariji: dada, njoo unishikie taa. Nimemwambia ashikiwe na nundu!

Siombi msamaha. Katito nzima haina picha nzuri kama ile.

Jioni amekuja Mama Kageha wa kwaya. Anataka video, na kila mwimbaji aonekane uso. Nimemwahidi. Nalala sasa, saa tatu na nusu, baada ya kuamua kwamba wimbo wote nitapiga koo la soprano mmoja.