Filimbi Moja, Tuko Pamoja

Alhamisi, 4 Julai 1974
Ukungu tangu Jumatatu. Dirishani sioni hata choo cha jirani. Nimekula ugali peke yangu tena, nusu imebaki. Miaka miwili hapa Nyeri na hakuna aliyebisha mlango wangu ila mwenye nyumba! Nimechoka.

Lakini niko na mpango. Jumamosi naongoza kwaya yetu kupanda Mlima Kenya wakaone theluji. Nimewaambia nimepanda mara tatu. Ukweli nilifika mlango wa msitu, nikarudi kwa sababu ya mvua. Wachuka, yule wa sauti ya kwanza, atatembea nyuma yangu aone mimi ni mwanamume wa aina gani. Ngatia, mpiga gitaa wetu, mwisho kabisa!

Ijumaa, 5 Julai
Ngatia ameuliza mbele ya watu kama ni busara kupanda mwezi wa saba na baridi hii. Wivu tu! Nimemnyamazisha kwa filimbi mbili, moja yangu, moja yake. Nikipiga, ajibu. Maana yake tuko pamoja. Wachuka amesema hiyo ni akili. Akili!

Jumamosi, 6 Julai
Aibu. Juu ya msitu sikuona hata viatu vyangu. Ngatia akasema turudi. Nikamjibu kiongozi harudi, nikashika njia bila kugeuka. Nikapiga filimbi. Ikajibiwa. Wananifuata! Nikapiga tena, ikajibiwa kwa mbali. Nikajiambia wamechoka. Kisha kimya kirefu, na njia ikaanza kuteremka. Sikujali.

Nikapiga. Ikajibiwa karibu kabisa, nyuma ya kichaka. Nikasimama, macho mbele, nikasema yote: "Wachuka, nimechoka kula peke yangu. Nikubalie."

Mlio mmoja, safi.

Nikageuka. Mbwa! Nyuma yake mchunga kondoo aitwaye Gatimu, vidole bado mdomoni, akimwita huyo mbwa. Kumbe nilikuwa nimezunguka hadi ukingoni mwa msitu. Akaniambia kwaya ilipita kwake mchana, ikanywa chai. Ati yule wa gitaa alinipigia filimbi nirudi mpaka midomo ikafura. Na Wachuka? Alikuwa amevaa koti la yule wa gitaa. Nilitamani ardhi inimeze.

Gatimu akanimiminia chai. "Kaa kidogo," akasema. "Mimi pia nakula peke yangu."

Nikamwambia niko na haraka.

Jumatatu, 8 Julai
Jana kanisani Wachuka na Ngatia walikaa benchi moja. Sawa. Mpango haukuwa na kosa, filimbi ndiyo ilikuwa ndogo. Nimeagiza kubwa, ya marefa. Jumamosi namwongoza Gathoni wa sauti ya pili, ikiwa atakubali. Ukungu ukizidi, vizuri zaidi.

Dereva wa lori la maziwa ameniletea salamu za Gatimu. Ati chai iko, nipite siku yoyote. Nimemtuma amwambie sina nafasi. Mimi ni mtu wa watu.