Nakala Halali ya Gari la Mtaliano

Nina furaha kuwatangazia wananchi wote wa Migori na Homa Bay, pamoja na ndugu zetu wa kisiwa cha Remba ambao matangazo yetu huwafikia yakiwa yamefungia dagaa wa omena, kwamba feki imekwisha. Imekwisha rasmi Jumatatu saa nne asubuhi, pale Bodi ya Pamoja ya Uhalisi wa Vitu ilipopitisha Kanuni ya Kwanza kwa kura tatu dhidi ya hakuna. Mimi ndiye Kaimu Mkurugenzi wa Bodi hiyo. Naitwa Fanuel. Nimekuwa kaimu kwa miaka tisa, jambo linaloonyesha jinsi wakubwa wanavyoniamini.

Watu wa mdomo wanasema eti Kanuni hii ilitungwa kwa sababu ya gari moja. Huo ni uongo mtupu. Ilitungwa kwa sababu ya magari mawili.

Gari la kwanza ni la Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Clifford. Ni gari la mbio la Kiitaliano, la umbo la miaka ya sitini, jekundu, la viti viwili, na limeinama chini kiasi kwamba mtu mwenye tumbo huliingia kwa awamu. Mheshimiwa huliingia kwa awamu nne. Mwenyewe husema lilitoka Italia kwenyewe, kwa wenyewe. Kwa kuwa barabara zetu zina matuta, hulitumia hasa kwa kusimama nalo. Amesimama nalo kwenye mazishi kumi na mawili, na mara mbili wafiwa walisahau kulia.

Gari la pili ni la Risper. Huyu ni mama anayetengeneza boti za faiba pale Sori, ufukweni mwa ziwa: anatandika mkeka wa faiba ndani ya moldi yenye umbo la boti, anapaka gundi, anasubiri ikauke, anabandua boti. Mwezi uliopita, siku ya soko, aliingia Oyugis na gari jekundu lile lile. Kiuno kile kile, taa zile zile, makalio yale yale ya duara. Akina mama waliacha nyanya zao juani. Mheshimiwa alikuwa amesimama na lake upande wa pili wa barabara, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe hakuna aliyemtazama.

"Nyar Sori!" wakamwita, yaani binti wa Sori. "Hii gari umenunua wapi?"

"Sijanunua, nimejenga," Risper akajibu bila haya. "Ni nakala. Ile ya ukweli iko Ulaya."

Wakampigia vigelegele. Jumatatu iliyofuata, feki ikaisha.

Sasa nieleze Kanuni, maana wengi wanaizungumzia bila kuisoma. Inasema hivi: kila nakala itazuiliwa hadi ilinganishwe, mbele ya umma, na kitu halisi inachokiiga. Mwenye nakala akikiri kwa sahihi yake kwamba ni nakala, atapewa Cheti cha Nakala Halali na ataandika neno NAKALA kwenye boneti, kwa mkono wake. Asipokiri, chombo kitalazwa chini na kukanyagwa na trekta la miwa kutoka Awendo. Mheshimiwa aliliweka hilo la kukiri kwa upole tu, akiwa na hakika kwamba hakuna binadamu atakayetia sahihi kwamba kitu chake si cha kweli.

Alhamisi nilikwenda Sori mwenyewe kulizuilia gari. Nilimkuta Risper akipiga msasa tumbo la boti, nywele zimejaa vumbi jeupe.

"Risper, gari limezuiliwa," nikasema.

"Kwani limeiba, mdosi?"

"Linafanana."

"Linafanana na nini?"

"Hilo litajulikana kwenye kikao."

Akaweka msasa chini. Hakunitukana, na hilo lilinisumbua zaidi. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kibanda, ambako babake, Mzee Willis, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti na tai, kofia magotini. Nikauliza anakwenda wapi.

"Haendi popote," Risper akasema. "Anajaribu nguo za Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku yake ya kuendesha."

Mzee huyu, nikaelezwa, alifanya kazi ujana wake wote kwa mhandisi mmoja Mtaliano aliyekuja kujenga barabara, akawa anaishi kilimani juu ya Homa Bay. Mtaliano alikuwa na gari hilo, la kweli. Miaka kumi na mmoja Mzee Willis aliliona kila siku na hakuruhusiwa hata kukalia kiti. Aliambiwa kwamba akiingia mtu mwingine gari litajua, na litakataa kuwaka. Mtaliano akaondoka na gari lake, Mzee akabaki na hamu yake.

Risper aliagiza vioo vya taa na michoro kutoka ng'ambo, akanunua injini ya Corolla kuukuu, akaunganishiwa chesisi kwa mabomba ya trela la miwa. Lakini umbo lenyewe lilitoka mikononi mwa babake. Mzee alifumba macho akawa anaipapasa moldi, anasema hapa shusha, hapa inua, hapa paache papumue. Wakaibomoa mara nne. Mara ya tano Mzee akapapasa kutoka pua hadi mkia bila kusema neno, halafu akaomba maji ya kunywa.

"Daktari wa macho amesema Krismasi haitamkuta akiona," Risper akaniambia. "Jicho la kushoto limeshaenda. Hili la kulia bado linaona nyekundu. Hicho kikao ni lini?"

"Baada ya wiki kumi, kamati ndogo ikishateuliwa."

"Wiki kumi! Mdosi, huyu hata saba hana. Mimi sitaki mashindano na mtu. Nataka babangu aone hiyo boneti mbele yake akiwa ameshika usukani. Mara moja tu!"

"Kanuni haimtaji baba," nikasema.

Niliumia. Nasema wazi, niliumia moyo, hadi mchana nilipoletewa samaki mzima wa mbuta nikashindwa kumaliza mkia. Lakini uchungu wa moyo hauna fomu. Tukalivuta gari kwa kamba hadi uwanja wa ofisi, na Mzee Willis akasimama njiani na kofia yake mkononi mpaka tukapotea.

Aliyetatua jambo ni Monicah, karani wetu, mwanamke anayesoma karatasi kabla ya kuzipiga muhuri, tabia ambayo nimemwonya nayo mara nyingi. Alimpigia Risper simu akamwambia kamati ndogo haihitajiki iwapo mwenye gari halisi atajitolea kulileta mwenyewe. Risper akamwandikia Mheshimiwa barua ya heshima. Nilidhani Mheshimiwa atakataa. Wapi! Alikubali kabla chai haijapoa.

"Niwekwe mbele ya watu wote, upande wangu original, upande wake takataka?" akasema. "Fanuel, fanya Oyugis, siku ya soko. Na lile trekta lije mapema. Lifungwe utepe."

Siku ilipofika, uwanja ulijaa hadi kwenye magoli. Magari mawili mekundu yalisimama ubavu kwa ubavu, na nyuma yao trekta la miwa lenye gurudumu refu kuliko mlango wa ofisi yangu, limefungwa utepe wa bluu. Risper alikuja amevaa gauni la kanisani. Babake alikuwa pembeni chini ya mwavuli, ndani ya koti lile lile na tai. Risper akatia sahihi mbele ya wote: mimi fulani nakiri kwamba gari hili ni nakala. Mheshimiwa akacheka hadi tai yake ikacheza.

Mtaalamu wetu alikuwa Noordin, mwenye duka la spea Migori mjini, mtu wa maneno machache na kanzu safi. Alitoa sumaku mfukoni akaibandika kwenye gari la Risper. Ikaanguka.

"Si chuma," akasema.

"Andika!" Mheshimiwa akaniambia. Nikaandika.

Noordin akaibandika kwenye gari la Mheshimiwa. Ikaanguka.

"Alumini hiyo," Mheshimiwa akasema upesi. "Waitaliano hawapendi chuma. Andika alumini." Nikaandika alumini.

Noordin akagonga la Risper kwa kidole: du, du. Akagonga la Mheshimiwa: du, du. Akainua nyusi.

"Alumini ya Kiitaliano," Mheshimiwa akafafanua. Nikaongeza ya Kiitaliano.

Ndipo Noordin akakunja kanzu, akatandika gunia, akaingia chini ya mkia wa gari la Risper. Alipotoka alikuwa ameshika kizibo cha mpira.

"Dada, hiki ni cha nini?"

Risper akafunika uso kwa kiganja. "Aii, jamani, nilijisahau! Boti ikivutwa nchi kavu lazima uwe na tundu nyuma la kumwaga maji. Nimetengeneza boti miaka kumi na sita. Mkono umezoea, unatoboa tu bila kuniuliza."

Uwanja mzima ulicheka, lakini hakuna aliyecheka kumshinda Mheshimiwa. Alijipiga mapaja. Alimshika dereva wa trekta bega akacheka naye. "Gari la kizibo! Fanuel, andika kwa herufi kubwa: hakuna gari halisi la Kiitaliano duniani lenye kizibo! Lete nitie sahihi!" Nikaandika kwa herufi kubwa. Akatia sahihi, akaongeza na muhuri wa Mwenyekiti.

"Kwa usawa tu," Noordin akasema, na kabla hajazuiwa akawa ameingia chini ya gari la pili. Tuliona viatu vyake tu. Alikaa huko muda mrefu kidogo. Alipotoka alijifuta vumbi, akanyoosha kanzu, kisha akafungua kiganja. Kilikuwa na kizibo cha mpira.

Risper alikwenda nyuma ya gari la Mheshimiwa, akachutama, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Wololo! Hii ni ya moldi yangu," akasema polepole. "Ile bodi ya kwanza kabisa kutoka humo. Wakala mmoja alitoka Nairobi, akaniambia anataka bodi tupu ya kupamba mlango wa hoteli. Kwani waliitia injini?"

"Huyu mama ananikosea heshima!" Mheshimiwa akafoka. "Fanuel! Andika kwamba Waitaliano pia wana ziwa!"

"Mheshimiwa," Noordin akasema kwa adabu, "mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu."

Monicah akafungua faili. Bila kuulizwa na mtu alisoma Kanuni kwa sauti ya kanisani: nakala isiyokiriwa italazwa chini na kukanyagwa, bila kujali cheo cha mwenyewe. Hayo maneno ya cheo aliyaweka Mheshimiwa mwenyewe, ili yapendeze kwenye redio. Dereva wa trekta alikuwa ameambiwa tangu asubuhi kwamba atakanyaga jekundu lililo nakala. Akawasha.

"Mdosi, naanza na gani?" akaniuliza kutoka juu.

Wananchi wakamsaidia. "Ya Mheshimiwa! Ya Mheshimiwa!" Mheshimiwa alijitupa juu ya boneti, kwa awamu moja tu safari hii.

Mimi ni mtumishi wa umma. Nilimweleza, kwa sauti ya chini, kwamba kikao hakijafungwa na bado anaweza kukiri. Alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. Akakiri. Sahihi yake ni halali. Nikampa Risper Cheti cha Nakala Halali nambari moja, Mheshimiwa nambari mbili, na kila mmoja nikampa kopo la rangi nyeupe na brashi.

Risper alimaliza mara moja, herufi kubwa nzuri, maana anaandika majina ya boti kila wiki. Kisha akamshika babake mkono, akamwingiza upande wa usukani, naye akaingia upande wa pili. Mzee Willis akaweka kofia magotini. Akashika usukani. Akasogeza uso mbele, upande wa jicho la kulia, akaitazama boneti.

"Naiona," akasema. "Risper, naiona yote."

Risper akalia waziwazi, na Monicah akalia, na mimi nikaingiwa na vumbi machoni. Gari likawaka mara ya kwanza. Wakazunguka uwanja polepole, mwendo wa mtu anayekwenda kanisani, na watu wakawapisha wakiimba.

Mheshimiwa bado hakuwa ameandika. Boneti yake ilikuwa na vumbi la Oyugis na alama za kujitupa, na rangi haishiki juu ya vumbi. Dereva wa trekta hakuwa amezima injini. Basi Mheshimiwa akavua koti, akakunja mikono ya shati, akachukua kitambaa kwenye ndoo ya muuza maji, akaanza kupangusa.

Mzee Willis akafika hapo na kusimamisha gari. Kwa jicho lake lile moja aliona wekundu, na mwanamume aliyelowa jasho akiusugua kwa kitambaa. Akateremsha kioo. Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa.

"Omera, ndugu yangu, usipeleke mbele na nyuma, utaacha mistari. Zungusha mkono. Mimi nilimwoshea Mtaliano miaka kumi na mmoja, najua hiyo kazi."

Mheshimiwa akachovya kitambaa tena kwenye ndoo.

"Na usivunjike moyo, kijana wangu," Mzee akaendelea. "Hawa wenye magari wana roho ngumu, lakini wewe fanya kazi yako vizuri. Labda siku moja watakuruhusu ukae ndani."

Mheshimiwa aliwatazama wananchi. Akalitazama trekta. Kisha akainama, akaanza kuzungusha mkono.