Baiskeli Yenye Nanga

Napenda kuutangazia ulimwengu, na hasa afisa wa kadi za mgao katika kambi hii, kwamba baiskeli ya kwanza ya umeme kusajiliwa kihalali mjini Kismayu ilisajiliwa na mimi, Abdirahim, Mkurugenzi wa Vyombo vya Kutembea katika Mamlaka ya Mpito ya Uratibu wa Bandari na Viunga Vyake. Mwaka ulikuwa 1992. Mamlaka yetu ilikuwa ya nne ndani ya miezi kumi na mmoja, na hata maadui zetu walikiri kwamba tulikuwa na mihuri mizuri kuliko tatu zilizotangulia.

Petroli hakuna, unga hakuna, maji ya bomba yamebaki hadithi. Mihuri ilikuwa sita, wino kopo zima. Serikali ni nini tena?

Baiskeli yenyewe aliiunda Fadhila, binti wa jirani yangu marehemu, aliyekuwa akitengeneza redio kwenye baraza lao. Alichukua baiskeli ya babake, akaifunga dinamo ya lori la jeshi lililoungua, na akaigeuza nyaya zake mpaka badala ya kutoa umeme ikawa inaula. Nyuma akaunga tela la magurudumu mawili, akapanga humo betri mbili za lori. Betri zilichajiwa na jua, kwa paneli iliyotoka kwenye mnara wa simu. Jinsi ilivyotoka huko sikuuliza, maana minara haikuwa idara yangu. Siku ya kwanza ilipopita mtaani bila mlio, mbuzi walitimka na wazee wakasoma Ayatul Kursi.

Shida ya Fadhila ilikuwa mamake. Mwanalima alikuwa amepooza upande wa kushoto, na jamaa zao wote walikwisha kimbilia kisiwa cha Chula. Kila Alhamisi asubuhi Mohdhar, nahodha wa Chula na shemeji wa Mwanalima, alileta mashua yake pwani ya kusini kuchukua waliobaki. Kutoka nyumbani hadi pale ni kilomita tisa na isbaro tano, yaani vizuizi vitano vya vijana wenye bunduki, na kitu kisicho na karatasi hakikupita isbaro hata moja. Punda wao alichukuliwa kwenye ya kwanza. Mkokoteni wa kuazima ulichukuliwa kwenye ya pili, pamoja na mwenyewe.

Basi Fadhila akaja ofisini.

"Ami Abdirahim, naomba karatasi tu. Alhamisi nimtoe mama."

"Ofisini hakuna ami. Kuna Mkurugenzi."

"Haya, Mkurugenzi. Naomba karatasi."

"Njoo kesho."

Alikuja kesho, na kesho yake. Nami sikukaa bure, nilikuwa natafuta fomu. Fomu za magari na baiskeli zilikuwa zimechomwa na Mamlaka ya pili kuchemshia chai. Zilizosalia ni za ofisi ya bandari tu, Fomu ya Usajili wa Majahazi na Mashua, kurasa nne, karatasi nzito safi. Nilizisoma kwa makini, nikaona zinatosha.

"Nanga iko wapi?" nikamuuliza.

"Nanga ya nini?"

"Ukurasa wa kwanza, mstari wa saba. Bila nanga hakuna usajili."

Alinitazama kama mtu anayetazama mchele uliomwagika. Lakini aliileta, nanga ndogo ya chuma yenye kutu, akaifunga kwenye usukani. Akaweka taa nyekundu kushoto na kijani kulia. Penye jina la chombo akaandika "Njoo Kesho". Nililipitisha jina hilo bila kulitilia shaka, na leo nalitilia shaka.

Idadi ya abiria niliikadiria mwenyewe kwa kupima tela na kamba: mmoja. "Asizidi," nikaandika, nikapiga mstari chini yake. Kisha farumi. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba chombo kisicho na mzigo hutiwa mawe au mchanga tumboni kisiyumbe, na huo mchanga ndio farumi. Nikamwamuru apakie magunia mawili, jumla kilo themanini na mbili.

"Mkurugenzi, baiskeli haiyumbi. Inapanda kilima kwa taabu kwa sababu ya uzito!"

"Kikizidiwa kuna kifungu cha tisa," nikamtuliza, na nikakiandika papo hapo kwa mkono wangu: chombo kikizidiwa, nahodha atatupa farumi kwanza, abiria mwisho. Nilijivunia kifungu kile. Kilikuwa na huruma ndani yake.

Hapo Alhamisi mbili zilikuwa zimepita. Ya tatu kombora liliondoa paa la jiko la Mwanalima. Nilipitia kutoa pole, na mama wa watu, kwenye kitanda chake cha kamba, akanikodolea jicho.

"Abdirahim," akasema, "wewe si mwana wa Zakiya muuza bajia? Alokuwa akija kwangu kukomba sufuria?"

Nikamwambia kwa upole kwamba kumbukumbu za aina hiyo ziwasilishwe kwa maandishi.

"Huyu mchu ni mzima?" akamuuliza bintiye kwa Kibajuni.

Kilichobaki ni ukurasa wa nne: tarehe ya kushuliwa majini. Hapo sikuwa na hiari. Kwetu chombo hakiwi chombo mpaka watu wakivute kwa nyimbo hadi kiguse bahari, isomwe Fatiha, na mwenye chombo alishe wavutaji. Fadhila akavunja akiba yao ya mchele, ule wa safari. Mtaa mzima uliobaki ulikuwa watu kumi na mmoja, na wote walikuja. Wakafunga kamba, wakaivuta baiskeli mchangani wakiimba nyimbo za kushua, na bibi mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu mwanawe auawe akashika kiitikio kwa sauti kubwa. Watu wakalia, wakacheka, gurudumu likaguswa na maji. Mimi nilikula sahani mbili za pilau, kwa niaba ya Mamlaka.

Jumatano alasiri nikapiga mihuri yote sita. Fadhila hakunishukuru. Aliikunja karatasi akaitia kifuani na kuondoka.

Alhamisi asubuhi mji ukaanguka.

Mwenyekiti wetu aliondoka na gari la ofisi, dereva wa ofisi na jenereta ya ofisi, akaniachia ujumbe kwamba nikaimu. Nikakaimu dakika nne hivi. Halafu nikasikia kwamba Mamlaka ya tano inatafuta wakurugenzi nyumba kwa nyumba, na haiwatafuti kwa mema. Nikakimbia hadi kwa Fadhila bila kiatu kimoja. Nilimkuta amekwisha mpakia mamake kwenye tela.

"Fadhila, mwanangu! Nichukue!"

"Ofisini hakuna mwanangu," akasema, akaitoa karatasi. "Abiria mmoja, asizidi. Kuna na mstari chini yake."

"Mstari ule niliupiga mimi, mimi naufuta!"

"Marekebisho si siku tatu za kazi?"

Ni kweli, siku tatu. Kanuni ni yangu. Risasi zilikuwa zinasikika mtaa wa pili, nami naapa kwa Mungu sikuwahi kuichukia kalamu yangu kama siku ile. Mwanalima akanitazama, akasema, "Mwaga mchanga, mwanangu. Mtie huyo."

Fadhila akamwaga magunia yote mawili. Akanipa kalamu, nikathibitisha kwa mkono wangu kwenye nakala yangu: farumi, kilo themanini na mbili, imekaguliwa. Muhuri nilikuwa nao mfukoni. Nikaupiga, nikaingia kwenye tela, nikafunikwa magunia.

Isbaro nne zilikuwa tupu. Ya tano ilikuwa na vijana wapya.

"Waryaa! Simama! Umebeba nani?"

"Mama yangu mgonjwa. Na farumi."

Kijana akaitazama karatasi juu chini, akahesabu mihuri kwa kidole, akafunua gunia. Tukatazamana.

"Tunamtafuta Mkurugenzi," akasema. "Wewe ni nani?"

"Farumi," nikasema.

"Farumi ni nini?"

"Ni mchanga, bwana."

Walicheka mpaka mmoja akakalia bunduki yake. Wakaturuhusu, maana karatasi ilikuwa kamili.

Kilomita ya mwisho ni kilima cha mchanga. Dinamo ikaanza kutoa moshi. Fadhila akasimama, akaona tanga la Mohdhar likipandishwa kule chini, akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kifungu cha tisa," akasema.

Akanitupa. Kutoka pale mchangani nikamwona Mwanalima akibebwa hadi majini, baiskeli ikipakiwa nyuma yake, nanga na yote; nilipofika ufukweni mashua ilikuwa imekwisha ondoka. Mimi nilifika kambini Mombasa baada ya siku thelathini na moja, sehemu kubwa kwa miguu.

Afisa, kwenye dirisha lako uliniomba karatasi yoyote yenye muhuri na jina la kazi. Nilikuwa nayo moja tu, ile nakala ya usajili. Mkalimani wako aliisoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Mkalimani wako ni Fadhila.

"Unanijua mimi ni nani!" nikamwambia.

"Namjua ami Abdirahim," akajibu. "Lakini dirisha halijui watu, linajua karatasi. Mkurugenzi alinifundisha."

Ukaandika ulivyosomewa. Kadi namba 417: Fadhila, nahodha. Mwanalima, abiria. Farumi, kilo themanini na mbili. Mgao wa watu wawili. Nakula wanachonibakizia, na niseme ukweli, Mwanalima hubakiza, kama alivyobakiza sufuria zamani.

Kwa hiyo naomba nitambuliwe upya. Nimejaza fomu mara sita, na mara sita nimeambiwa nije kesho. Naomba ulifikirie hili kabla ya Jumanne, siku ya mgao, kwa kuwa betri za Njoo Kesho zilikufa njiani na hapa kambini hakuna nyingine. Fadhila hushika usukani, Mwanalima hukaa kwenye tela na unga wake, na anayesukuma nyuma ni mimi.